Kalamu ya Kijani

Mezani ramani ya Kianga imelala chali,
pembe zake nimezibana kwa vikombe viwili,
stepla, na jiwe nililoliokota kisimani.
Nyumba nimezipaka rangi ya kunde.
Barabara, nyeusi. Skuli, manjano.
Kimebaki kipande kimoja cheupe,
kama jicho lililogoma kulala.

"Hapo hapana kitu," aliniambia Sheha Vuai.
"Majani tu, na mbuzi wa watu.
Kata viwanja arubaini, tumalize."

Nilikwenda masika, na viatu vya mpira.
Mvua ilianzia juu, kwenye mapaa ya bati,
ikateremka mbio njiani na ndara za watoto,
haina pa kukaa: kila ua saruji, kila kizingiti saruji.
Ilipofika kwenye yale majani ikapunguza mwendo,
ikavua viatu kama mgeni mwenye adabu,
ikaingia.
Nikasimama pale nimerowa, nasikia
udongo unakunywa, funda kwa funda.

Hapana kitu?

Mwulizeni Bi Mize Ussi, hatua mia tatu chini.
Kisima chake alikichimba babu wa mumewe;
kamba imechonga mifereji kwenye mdomo wa jiwe.
Mwaka huu chai yake ina ladha
usiyoijua mpaka umeshameza.
Bahari hiyo. Haiji na mawimbi,
inakuja chini kwa chini, inahamia
kila pembe iliyoachwa na maji matamu.
"Chumvi nilikuwa nikiinunua," anasema,
anacheka, anafunika birika.
"Siku hizi naiteka."

Sasa niseme na langu.
Katika viwanja arubaini
ambavyo havijakatwa na vimeshauzwa,
nambari kumi na saba ni cha ndugu yangu Makame.
Amekilipia kwa miaka minne ya Maskati,
akiendesha gari la maji
kwenye mji usiojua masika.
Matofali keshayapanga, keshayafunika turubali.
Jana usiku alinipigia:
"Dada, kalamu si iko mkononi mwako?"

Iko, Makame.
Nimeifungua kwa meno, kama tulivyokuwa tukifungua
mifuko ya maji ya barafu tukitoka chuoni.

Nimeanza na kumi na saba.

Nimepaka mara mbili, mpaka karatasi ikalegea,
na nilipoiinua
kijani kilikuwa kimeshapenya,
kimefika kwenye mbao.