Sahihi

Msichana wa benki ameigeuza karatasi,
juu chini, chini juu, kama anayeitafutia mlango wa nyuma.
"Bibi Radostina, sahihi hii si sahihi."
Hakujua amesema kweli mara mbili.

Kwenye kadi ya mwaka niliofungua akaunti
herufi ya kwanza imetunisha kifua,
na mkia wa ile ya mwisho umevuka mstari
ukaingia palipoandikwa: kwa matumizi ya ofisi tu.
Leo kimetoka kitu kidogo kinachotetemeka,
njia ya sisimizi aliyemwagiwa maji.

Nikamwambia ni dawa. Lithiamu. Ni aina ya chumvi,
hutetemesha vidole.
Akatazama kando upesi, kana kwamba nimevua blauzi mbele yake.
"Njoo na pasipoti," akasema,
"na mtu anayekufahamu."

Mtu anayenifahamu.
Nimeteremka mtaa mzima nikiwahesabu.

Husemwa tabia haina dawa.
Yangu inayo: kimoja asubuhi, viwili usiku,
kwa maji ya bomba la jikoni, nimesimama.

Daktari Madzharov ana kalamu ya kugawia mirathi:
hiki cha ugonjwa, hiki chako.
Miavuli kumi na moja, siku ya jua kali: ugonjwa.
Kumwamsha mume niliyeachana naye saa tisa za usiku
nimweleze jinsi mto Maritsa unavyofikiri: ugonjwa.
Wiki tatu kitandani, uso ukutani: ugonjwa,
upande wake wa pili.
Na koti? nikamuuliza.
Lile la sufu nililomvisha mzee pale stesheni, theluji ikianguka,
nikarudi nyumbani kwa miguu, na blauzi tu, bila kusikia baridi?
Kalamu ikasimama hewani.
"Hilo," akasema, "tutalizungumza mwezi ujao."

Huu ni mwezi wa nne.

Hapa Plovdiv mtu akifa hubandikwa mlangoni,
picha yake na jina, siku ya kwanza, siku ya arobaini,
kisha miezi sita, kisha mwaka,
hata mvua imfute mwenyewe.
Nimesimama mbele ya marehemu wa jirani
nikawaza kumbandikia na yule wangu:
*Miezi sita tangu atutoke Radostina,
aliyecheka mabomba ya jengo yakaitikia,
aliyeacha madeni katika maduka manne.*
Lakini picha ingekuwa ya nani? Uso ni ule ule,
umenenepa kidogo tu.
Na mkono wa pole angepewa nani,
mimi mfiwa, mimi maiti, mimi mwenye gundi?

Dada yangu Tsvetanka ndiye aliyekubali kuja.
Ndani ya gari nikamuuliza: "Unamkosa? Yaani, yule."
Akanyamaza taa mbili za barabarani.
"Namkosa Jumamosi," akasema.
"Jumapili nilikuwa namtafuta mahospitalini."

Msichana akaleta kadi tupu.
Mara tatu, akasema, na zote zifanane.
Ya kwanza ilianguka kushoto.
Ya pili ilikuwa ya mama yangu, sijui ilitokea wapi.
Jina langu, kwa lugha yetu, shina lake ni furaha.
La tatu nililiandika kama mtu anayebeba supu,
mkono wa kushoto ukiushika wa kulia.
Hazikufanana.
Alizitazama, akamtazama Tsvetanka,
Tsvetanka akasema, "Ndiye,"
kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.
Muhuri ukagonga.

Nje baridi ilikuwa kali na niliisikia yote,
mpaka kwenye meno.
Nikafunga vifungo vya koti jipya, kimoja kimoja, kwa shida.
Tulipopita stesheni nilimwomba apunguze mwendo,
nikatazama kila benchi,
huenda yupo mtu amelivaa koti langu.