Akiba ya Msahaulifu

Oktoba, Ludlow. Kabla ya chai ya saa nne
nasukuma kiti cha Bwana Pritchard mpaka dirishani.
Yule ndege amekwisha fika:
ukoo wa kunguru, ila huyu kajipamba,
na bawani ana kiraka cha samawati
kama kanga inayochungulia chini ya buibui.

Koo limemvimba. Amebeba mbegu za mwaloni,
nne kooni, ya tano mdomoni.
Anatema moja, anaipigilia ardhini,
anaifunika jani, anatazama huku na huku
kama mshika fedha wa kikoba.
Hatua tano. Nyingine.
Kutwa nzima.

Mwaloni hauna miguu. Mbegu yake nzito
huanguka kivulini kwa mama,
na kivuli cha mama, kwa mche, ni njaa.
Ndege ana mabawa, lakini Januari humkuta mikono mitupu.
Basi wakaandikiana, bila karani:
nilishe, nami nitakubeba.

Lakini husahau.
Si zote. Nyingi huzifukua hata chini ya theluji,
kama mtu anayejua alipoweka ufunguo.
Chache humponyoka, na hizo chache
ndizo msitu. Kilima kile chote ng'ambo ya mto
ni mambo aliyoyasahau kunguru.

Akiba haiozi, tulifundishwa.
Ya huyu inaoza kidogo, ganda linapasuka,
kisha inaota.

Bwana Pritchard naye huficha biskuti:
ndani ya ndara, mfukoni mwa pajama, nyuma ya picha ya farasi.
Jumatatu ananiita Doreen,
Alhamisi mimi ni Sajini. Naitika yote.
Namkata kucha, namgeuza ubavu usiku,
na kila tarehe ishirini na nane
mgongo wake huu unalipa ada ya Mwanahawa,
kidato cha pili, Pangani.
Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.
Wahenga hawakuwahi kushika zamu ya usiku.

Jikoni wanasema: wewe ndiye unayemtunza.
Mwanangu kwenye simu anauliza: yule babu anayetusomesha, hajambo?
Nimeacha kupiga hesabu.

Jana Gareth alileta mashine ya nyasi.
Bwana Pritchard akagonga kioo kwa pete yake.
"Mche," akasema. "Nani kaupanda?"
Nikatoka na viatu vya ndani, nikauona:
majani manne, urefu wa kijiti cha kiberiti na nusu,
katikati ya uwanja, mahali ambapo mwenye akili asingepanda.
Nikachomeka kijiko cha chai kando yake.
Gareth akanung'unika, akauzunguka.

Usiku, nikimvua ndara, nikakuta biskuti mbili.
Moja ilikuwa imeota ukungu, nikaitupa.
Ya pili
nikairudisha, nikaifunika kwa soksi.