Vipimo vya Chumba 214

Mlangoni yamebandikwa majina mawili.
Ndani tunalala watano.
Mimi ndiye wa tano, na kwa lugha ya bweni
jina langu ni haramia,
ingawa merikebu sijawahi kupanda
wala sijaiba zaidi ya kijiko cha sukari.

Nasomea upimaji wa ardhi.
Kwa hiyo usiku ule wa kwanza
niliipima sakafu niliyopewa na Ewoi
kwa utepe wa fundi cherehani:
mita moja na robo tatu, kwa sentimita sitini.
Mimi nina mita moja, themanini na mbili.
Zilizozidi nikazikunja.

Ewoi, mwenye kitanda, hakuniomba kodi.
Alisema tu: kichwa usikiweke upande wa mlango,
tochi ya msimamizi haibishi hodi.

Saa kumi alfajiri koili hutolewa mafichoni, ndani ya kiatu,
ikatumbukizwa kwenye ndoo,
na taa za ghorofa nzima hupepesa
kama mtu aliyeshikwa katikati ya uongo.
Chai yetu ina ladha ya waya.
Tumeizoea. Ya nyumbani sasa naiona pungufu.

Mchana tulisimika tripodi kando ya Barabara ya Mamlaka,
jicho moja limefumbwa, jingine liko kwenye lenzi.
Mama muuza mayai akasogeza karai lake.
"Mnatubomolea lini?"
Nikamwambia, ni mazoezi tu, mama, sisi wanafunzi.
"Yote huanza hivyo," akasema,
akanimenyea yai, akatia kachumbari,
akakataa pesa yangu
kana kwamba ananihonga.

Mkopo ulichelewa. Wahadhiri wakagoma.
Wakarudi, nasi tukagoma.
Moshi wa kutoa machozi ulipanda hadi ghorofa ya pili
ukakuta madondo yetu jikoni. Tukayala vivyo hivyo.

Kisha ikapotea alama.
Moja tu, ya Upimaji wa Tatu,
mtihani nilioufanya ukumbini kati ya watu mia tatu,
kalamu ikikatika wino kwenye swali la nne,
jirani akinirushia yake bila kuinua uso.
Kwenye orodha, mbele ya jina langu, kistari.
Bi Kwamboka wa ofisi ya mitihani
alikitazama, akanitazama mimi,
kama anayelinganisha picha na kitambulisho.
"Rudi Alhamisi."

Nimezihesabu Alhamisi: kumi na moja.
Katika ukumbi huohuo walinifunza
kuutafuta mpaka uliozikwa tangu enzi ya babu,
jiwe lenye msalaba chini ya mizizi ya mkonge,
na kulipata, kwa kosa lisilozidi upana wa kidole.
Karatasi kumi na sita zenye jina langu
hakuna aliyeweza kuzipata.

Huko Mgange mama alikuwa ameshakata kitambaa cha sherehe.
Sikumwambia. Nilimwambia mashine imeharibika.

Ilipatikana kwenye buti la gari la Daktari Musyimi,
chini ya tairi la akiba,
kati ya gunia la viazi na mwavuli uliovunjika.
Ukurasa wa mbele una duara la mafuta.
Sitini na moja.
Aliniomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kikamba,
nami ni Mtaita.

Mzingo, tulifundishwa, hufungwa ulikoanzia.
Unatembea kutoka kigingi hadi kigingi,
na ukirudi kwenye cha kwanza
tofauti utakayoikuta ndiyo makosa yako yote, yamejumlishwa.

Leo nimerudi 214 kuchukua godoro.
Nimemkuta kijana wa Marsabit, Hirbo, mwaka wa kwanza,
amesimama na begi, haoni pa kuliweka.
Godoro nimeliacha.
Nimemwonyesha koili, na kiatu chake.
Nimempimia kwa macho tu: ni mrefu kunishinda.

"Utakunja," nimemwambia.
"Na kichwa, kaka, kiwe dirishani."