Bakuli la Kabatini

Kiyoyozi kilitudondokea mlangoni,
tone moja, utosini pa Bi Shemsa.
"Haya, nishatawadha," akasema,
akaingia.

Ruwi, saa nane mchana, mwezi wa Agosti,
nyuma ya maduka ya taa na mabomba,
lami imelainika kama halua isiyopoa.
Kiooni pameandikwa "halali" kwa Kiarabu,
na chini yake maandishi yao,
kila herufi kama nyumba.
"Hizi zina vyumba," alisema Bi Shemsa,
"na bila shaka zina wapangaji."

Miaka hamsini yuko Maskati, na Uchina kwake ni vitu:
tochi, chupa ya chai yenye mawaridi ubavuni,
dawa ya kuchulia ndani ya kijikopo chekundu.
Na mabakuli ya marehemu mamake,
yaliyotoka Wete yamefungwa ndani ya kanga,
yakafungiwa kabatini, yasilike kitu.

Mpishi, kofia nyeupe, akatutolea salamu
kwa lafudhi iliyozunguka dunia kabla ya kutufikia.
Bi Shemsa akaijibu yote, na rehema na baraka,
kisha akaninong'oneza:
"Muulize kuku kamchinja nani."

Lakini mpishi alikwisha shika donge la unga.
Akalivuta. Akalikunja. Akalivuta,
uzi mmoja ukawa miwili, minne, minane,
akaupiga mezani, paa!
hata sikuweza kuhesabu tena.
Bi Shemsa, aliyekanda unga tangu ana meno ya utoto,
alisimama kabisa.
"Hakupima," alisema.
Baadaye kidogo: "Mkono ndio uliopima."

Mhudumu wa ushungi wa buluu akajigusa kifuani:
"Ma. Ma Xiulan."
"Mama nani?"
"Ma."
"Ndiyo, mama. Mama nani?"
Walizunguka hapo mpaka supu ikaja.

Mifupa ya ng'ombe, figili, giligilani,
mafuta mekundu yakitanda juu,
na punje fulani, si pilipili manga, si karafuu,
iliyoufanya ulimi ufe ganzi
kama mguu baada ya tahiyatu ndefu.
"Niamshieni ulimi wangu," alisema Bi Shemsa,
akachota tena.

Vijiti ndivyo vilivyomshinda.
Tambi iliteleza, ikalala begani juu ya abaya.
Akachoka, akavichomeka wima
katikati ya bakuli la wali, akaviacha.

Xiulan alikuja mbio.
Akavichomoa taratibu, akavilaza mezani.
Lugha hatuna. Akaupandisha mkono hewani,
vidole vikicheza kama moshi,
kisha akaweka shavu kiganjani, akafumba macho.

Nilidhani Bi Shemsa atakasirika.
Alimtazama tu.
"Ubani," akaniambia. "Vikisimama hivi, ni vya wafu."
Na baada ya kitambo, kwa sauti ya chini, "Khelef,"
jina ambalo tangu khitma ya Rajabu
hakuna aliyelisikia mdomoni mwake.
Xiulan, asiyejua Khelef ni mtu au ni mji,
alibaki amesimama nasi,
trei ubavuni, meza nyingine zikimwita.

Kisha akaleta chai isiyoombwa,
na ndani yake tunda jekundu limevimba, limekunjamana.
Bi Shemsa akalitafuna kwa meno ya mbele.
"Kunazi!" akapiga kelele, duka zima likageuka.
"Walai ni kunazi! Imekwenda wapi, hata ikanenepa hivi?"

Kabla hatujaondoka aligeuza bakuli tupu,
akatafuta muhuri chini, akaligonga kwa ukucha.
Kauri hulia. Hili lilisema ko.
"Plastiki," akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho.
Akaagiza tambi nyingine, zifungwe.

Usiku nilisikia funguo.
Nilimkuta jikoni, kabati wazi,
bakuli la Wete mbele yake limejaa tambi baridi,
vumbi la ukingoni amelipangusa nusu tu.
Mkono wa kulia umeshika vijiti,
wa kushoto unavisaidia.
"Usiwashe taa," alisema. "Bado najifunza."