Meza ya Saba

Tangazo lilisema saa kumi kamili.
Saa kumi kamili nilikuwa bado nabandika namba kwenye viti
kwa selotepu isiyoshika,
na Dama ananiuliza kiti cha tatu, meza ya nne,
kimekuwaje kina watu wawili,
wote wana risiti, wote wana muhuri,
wote wameshakaa, paja moja moja.

Orodha ina majina sitini na mawili.
Viti hamsini na vinne.
Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeiona,
ila meneja yuko Nairobi, na simu yake
inatuambia kwa upole tujaribu tena baadaye.
Sinyori Ottavio, mwenye ukumbi, anapita shati wazi
akisema piano, piano,
kana kwamba haraka ndiyo iliyotuchelewesha.

Saa tatu kasorobo tukagawa.
Mimi meza ya saba, ile yenye mguu mfupi;
mtu kakunja karatasi kauchomekea.
Chipsi za mia tano ni buluu,
chipsi za elfu tano ni buluu iliyofuliwa,
na chini ya balbu ile ya njano
tajiri na fukara wanalingana.
Sauti ikatoka jikoni: chipsi zimekwisha!
Nusu ya ukumbi ikashika tumbo,
nusu ikashika dau.

Kushoto kwangu alikaa Kahindi wa Kurawa,
mchota chumvi, vidole vimepasukapasuka.
Kiingilio amekidunduliza miezi saba;
mkewe ajua ni pesa za mabati.
Hasemi. Akipata karata mbovu anapumua,
akipata nzuri anaacha kupumua.
Nilimsoma mapema, nikanyamaza.
Mgawaji hana macho.

Saa sita na dakika zisizojulikana
(saa yetu ilikuwa mwanga tu wa projekta ukutani)
stima ikakatika.
Giza lile, jamani! Watu thelathini
wakalalia mali zao kama kuku juu ya mayai.
Jenereta ilikuwepo. Dizeli ilikuwa njiani.
Dizeli ilikuwa njiani tangu Ijumaa.
Nikafunika karata kwa viganja, nikasikiliza:
upande wa kushoto
hapakuwa na pumzi.

Stima iliporudi, akasukuma zote.
Mzungu wa kwenye kona, mkononi ana wazungu wa nne wawili,
akafuata.
Kahindi akafunua. Ree la kopa. Ree la shupaza.
Nami nikafunua ya mwisho, katikati ya meza:
ree la shupaza.

Mmoja akasema mkono ufutwe, mwingine usimame,
wa tatu akadai fedha zake na nauli ya kurudi Watamu.
Zikatafutwa kanuni.
Ukurasa wa kwanza ulipatikana.
Wa tatu ulipatikana, umeandikwa Kiitaliano.
Wa pili hakuna aliyeuona.
Ndipo meneja akapokea simu, mara ya kwanza tangu asubuhi:
"Futeni. Halafu msisahau picha ya washindi."

Futeni. Jepesi, kama neno la ubaoni.
Kahindi akarudishiwa buluu zake, buluu ipi sijui,
na baada ya duru tatu hakuwa na hata moja.
Akaniambia ahsante. Mimi!
Mimi niliyezichanganya kwa mikono hii.
Akavaa kofia, akatoka kuwahi zamu.

Alfajiri nabeba viti. Malipo yangu ni wiki ijayo.
Meza ya saba nikaiinua,
ile karatasi ya mguuni nikaikunjua.
Ukurasa wa pili.
Nikafuata mistari kwa kidole, taratibu, hadi pale:
iwapo karata moja itatokea mara mbili, basi
na hapo mguu wa meza umetoboa tundu,
duara safi, kadiri ya chipsi moja.

Nikachungulia.
Nikaona sakafu, na selotepu, na namba ya kiti cha mtu.