Kihispania cha Mashine ya Kusaga

Soko la Chwele, Jumatatu, foleni ya debe na magunia,
na mimi sina mahindi.
Nimeleta maswali.

Mukhwana anakaza mkanda wa injini, kope zake nyeupe.
Miaka minne alikaa seminari; padre wa Meksiko akamwachia
rozari, kikohozi, na lugha
ambayo hapa hana wa kuizungumza naye
ila mimi, mshonaji, nyanya wa mtoto wa siku tisa
aliyezaliwa Saragosa viza yangu ingali Nairobi.

Anaandika kwa makaa juu ya mfuko mtupu, kwa herufi zetu:
Bwenos dias, mpaka wale chakula cha mchana.
Na wanakula saa nane, mama, usiwaharakishe.
Ola, wakati wowote.
Hola? Si ule mji wa Tana River?
Huohuo, anacheka, ila hawa H wanaimeza.
Ke tal: wakikuuliza, usisimame kueleza mgongo wako,
wala ng'ombe, wala mvua.
Mwenye kuuliza ameshapita.

Ameshapita! Sasa aliuliza ya nini?

Nina mengine. Nikiwa uwanja wa ndege na choo sikioni?
Donde esta el banyo.
Nikipotea?
Taja mtaa, nyamaza, watakuonyesha kwa mikono.
Nimebeba wimbi, uji wa mzazi.
Afisa akifungua sanduku, niseme ni nini?
Mukhwana anasugua kope. Padre hakuwahi kula wimbi.
Tunaliacha pengo hapo, mfuko mweupe.

La mwisho nangoja mashine ingurume
ili wa foleni wasinisikie.
Mkwe wangu, Anselmo. Atanipokea vipi?

Mukhwana anagusa shavu lake la kulia, kisha la kushoto.
Unga unabaki na alama za vidole.

Mimi?
Nibusiwe na aliyemwoa Namarome?
Mtu ambaye tungekutana njiani ningepita nyuma ya ua,
ambaye mkono wangu haujagusa wake
kwa kuwa blanketi langu bado halijaletwa?
Siendi, nikamwambia. Sipandi ndege, sitaki.
Nikakunja mfuko, nikausukuma chini ya cherehani.

Jumatano simu ikalia, ile ya kuonana.
Namarome hakuonekana. Kilichoonekana ni utosi wa mwanamume,
upara unaoanza, kidevu kifuani,
macho ameyapeleka kwenye vigae.
Mulembe, mayi, akaiambia sakafu,
akilivunja neno pingili kwa pingili kama muwa mgumu.

Nani alimfundisha kuinama?

Nami nikageukia ukuta, penye kalenda ya chama cha ushirika.
Mucho gusto, nikaiambia kalenda.
Tukakaa hivyo, kila mtu na upande wake.
Nyuma yake kitu kidogo kikapiga chafya.
Akauliza jambo refu; nikadaka neno moja,
viene, lile la pembeni mwa mfuko, karibu na mshono:
unakuja.

Jibu nilikuwa nalo.
Mukhwana aliliandika mara mbili, akalipigia mstari,
akihofu nisilisome Kiswahili.
Maana kwetu ni la kukataa: si mimi, si leo, si wangu.
Nikalitoa hivyohivyo, bila pindo wala pasi.

Si, nikasema.

Kule likafika limegeuka.