Punje ya Mchele

Kliniki ya macho, Glasgow, Jumanne ya Februari.
Mvua ya huku hainyeshi, inasukuma;
inaingia na wagonjwa, inakaa nao vitini.
Daktari anachungulia mlangoni: "Gholam?"
Kimya. "Gholam?"
Mara ya tatu anaita kama aliyepoteza paka.
Na mzee wa kofia ya sufu yupo pale pale, kiti cha pili,
mboni zimepanuliwa kwa dawa, kubwa kama za bundi,
ananitazama mimi karani.

Baadaye akaja dirishani.
"Binti, ameita nusu yangu.
Ameita mtumishi, hakutaja wa nani."

Kwenye kioo changu: jina la kwanza, Gholam.
La kati, Reza. La ukoo, Sabzevari.
Nilidhani ni mawili, kama shati na suruali.
Kumbe ni kanzu:
ukiikata kiunoni huna vazi.

Nikamwambia kwetu Tanga ghulamu ni kijana,
barobaro, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia.
Akacheka hadi akafuta macho yale ya bundi.
"Sabini na tisa! Basi niite mara mbili."
Na Reza, nikasema, hiyo tunayo: radhi.
Tunaiomba kwa mama kabla ya safari,
tunaitaka hata tukimkanyaga mtu mguu.
Akanyamaza kidogo.
"Kwetu radhi ina kaburi.
Imamu wa nane, aliyefia ugenini, yupo Mashhad.
Mama alizika wawili kabla yangu.
Akashika kimia cha kaburi lile, akaweka nadhiri:
huyu akiishi, si wangu, ni wako,
atapokea viatu vya wageni wako mlangoni.
Nikaishi.
Viatu sijapokea hata pea moja.
Nimeuza mazulia Victoria Road."

Chuoni nilifundishwa mja ni wa Mungu peke yake,
na ulimi ukaniwasha. Nikauliza.
Hakukasirika. "Mja ni wa Mungu, hata kwetu.
Mimi ni wa viatu tu."

Kaka yake, Ghorbanali, alizaliwa Idi ya kuchinja.
Babu yao aliitwa Kalbali: mbwa wa Ali.
Alilisema hilo wima, kama anayetaja cheo.
"Mbwa hulala kizingitini. Haingii,
lakini nani atapita asimjue?"
Na mwanawe mkubwa ni Khodadad, Mungu kampa;
wenzake kiwandani wakafupisha, Dadi,
Mungu wakamwacha nje kwenye baridi.
Limebaki "kampa". Nani kampa? Hawaulizi.
"Na mwenyewe hajali," akasema,
na hilo tu ndilo alilolisema akitazama sakafu.

Nikashika kipanya.
Kati ya m na R palikuwa na nafasi
upana wa punje ya mchele.
Nikaifuta. Ile R ikainamisha kichwa, ikawa ndogo.
Kompyuta ikauliza: una uhakika?
Swali ambalo mama yake, pale kimiani, hakuulizwa.

Akaisogelea beji yangu, pua karibu iguse.
"Mwana," akasoma. "Mwana wa nani?"
Miaka kumi na moja naitwa hivyo, naitika.
Wa Hawa, nikasema. Mwanahawa. Beji ilikuwa fupi.
"Havva!" Akapiga meza kwa kiganja.
"Huyo ni mama wa hata yule daktari."

Machi akarudi na barua ya hospitali:
Ndugu Gholam, macho yako yanaendelea vizuri.
Barua hutoka kompyuta nyingine, mji mwingine,
nami sina ufunguo wake.
Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza kwa mkono,
akachukua kalamu yangu iliyofungwa kwa uzi,
akaanzia mwisho wa mstari, kulia kabisa, kwa hati ya kwao,
na herufi zikatembea kuja kushoto
kumlaki yule mtumishi aliyesimama peke yake.
Uzi ukaisha kabla hazijafika.
Akapima pengo kwa ukucha,
akakunja barua,
akaenda kukaa kiti cha pili, akingoja kuitwa.